Baiskeli Mbili Kwenda Ukweni

Nimeulizwa kwa kinyozi. Nimeulizwa sokoni Mwaloni nikichagua dagaa. Juzi mteja alikuja kupima suruali, akanyoosha mikono nimpime kiuno, na badala ya kuniambia anataka mifuko mingapi akaniuliza, "Hivi, fundi, ni kweli ulimbeba?" Nikichelewa kujibu, Hamisi hunijibia, na Hamisi akisimulia, mto hugeuka ziwa na mimi nageuka mpumbavu kuliko nilivyokuwa. Kwa hiyo naandika mwenyewe, tangu Kirumba mpaka nilikokwenda, ili asiyejua asome, kisha mniache nishone.

Kwa asiyetufahamu: mimi ni Masalu, fundi cherehani, baraza yangu iko Kirumba. Hamisi ni fundi baiskeli wa baraza ya pili, Mmanyema aliyezaliwa hapa hapa mjini, mtu wa maneno mengi na spana chache. Kabula ni binti aliyekuja kukaa kwa shangazi yake, akaniletea gauni nilipunguze mikono. Nilipunguza vibaya makusudi ili alirudishe. Akalirudisha. Nikaharibu tena. Mwishowe akaniwekea gauni juu ya cherehani akasema, "Fundi, hili halina mikono tena. Sasa sema unachotaka."

Nikasema. Wajomba zangu wakaenda kwao, ng'ombe wakazungumzwa, wazee wakaelewana. Kilichobaki ni mimi mwenyewe kwenda kuonekana, maana baba yake, Mzee Lugata, hatoi binti kwa mwanamume anayemjua kwa sifa za wajomba tu. Kabula akarudi kwao, huko nyuma ya vilima vya Geita, kusaidia kilimo. Mimi nikawa nasema kesho, keshokutwa, mpaka dereva wa lori la pamba akaniletea salamu kutoka kwa Mzee: mvua za kwanza zimeanza. Kama mbegu zitaingia ardhini kabla sijaonekana, atamsikiliza bwana mwingine ambaye ng'ombe wake wakitoka malishoni barabara huziba.

"Lori lako linarudi lini?" nikamuuliza dereva.

"Likipona," akasema, akaingia chini ya lori.

Hamisi alikuwa amesikia yote. "Lori la nini?" akasema. "Wewe una baiskeli, mimi nina baiskeli, na barabara ni ya Mungu. Twende. Na ukifika huko utahitaji mtu wa kukusemea, maana wewe ukiona wakwe utameza ulimi."

Ulikuwa ule mwaka wa kungoja Uhuru, na mji mzima ulikuwa na kichwa chepesi. Watu walicheka bila sababu, walisalimiana na wasiowajua, walipaka chokaa nyumba ambazo hazikuwa zao. Labda ndiyo maana hakuna aliyetuambia kwamba wazo lile halikuwa la watu wazima.

Mama peke yake ndiye aliyenishika mkono. "Masalu, mwanangu, umekulia mjini lakini wewe ni Msukuma. Mama mkwe hatazamwi usoni. Hashikwi mkono. Mkikutana njiani, unaacha njia, unaingia kichakani, unampa mgongo mpaka apite. Ukikosea hilo, ng'ombe wote wa wajomba zako hawatakusaidia."

"Sasa nitamjuaje, mama, na sijawahi kumwona?"

Mama akafikiri. "Basi ingia kichakani kwa wote," akasema.

Kirumba hadi Kigongo

Tulitoka asubuhi, hewa ina harufu ya samaki na mvua. Mimi nilikuwa nimevaa koti la harusi nililojishonea, kwa sababu lingekunjika kwenye mzigo. Hamisi alikuwa amefunga kwenye keria pampu, viraka, gundi, sufuria, na kuku mmoja wa zawadi aliyelala kwa utulivu kuliko sisi.

Jamani, ile barabara! Mawe makubwa yamebebana pande zote, ziwa linachungulia katikati, halafu mteremko. Sijui kama mnaifahamu furaha ya kuachia breki mtu ukiwa na koti jipya. Koti lilijaa upepo, mimi nikapiga kelele, Hamisi akapiga kengele, kuku akaamka akapiga zake. Kufika Nyegezi tulikuwa tumeshasalimia nusu ya mkoa.

Tatizo la kuvaa koti juu ya baiskeli, mwaka kama ule, ni kwamba watu hukudhania mkubwa fulani. Mbele ya Usagara tulisimama kuziba pancha. Wanawake waliokuwa wakitwanga wakaacha mitwangio, wanaume wakatoka kwenye kivuli, na mzee mmoja akatuletea viti. Akatusalimia kwa heshima, kisha akauliza, "Haya, wageni. Mmekuja kutuambia unafika lini?"

"Nini, mzee?" nikauliza.

"Uhuru."

Mimi nilifungua mdomo niseme sisi tunakwenda kuposa. Hamisi alikuwa ameshapanda juu ya kiti, na kiraka mkononi. "Ndugu wananchi," akasema, "Uhuru uko njiani! Tumeuacha nyuma kidogo, unaziba pancha!" Watu wakapiga makofi mpaka kuku akaogopa. Tukapewa michembe ya viazi vikavu na karanga, tukapewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na tulipoondoka mzee alitusindikiza akituagiza tumwambie huyo Uhuru asichelewe, kwa kuwa yeye ana magoti mabovu na angependa kumpokea akiwa amesimama.

Majini

Kigongo tulikuta kivuko kimefika, lakini hakiondoki. Sababu ilikuwa dume la ng'ombe. Lilikuwa limeweka miguu ya mbele kwenye chuma, likaangalia maji, likaamua basi. Mwenyewe alilisukuma, akalivuta, kisha akaanza kuliimbia sifa zake: mama yake nani, mabonde liliyowahi kula, fahali liliowashinda. Lilisikiliza kwa furaha na halikusogea.

Tukangoja. Mama mmoja alikuwa akikaanga sato kando ya maji. Tukala na ugali wa muhogo mweusi, tukalamba vidole, tukala tena. Jua likapanda. Dume likacheua.

"Lipigie kengele," mtu akamwambia Hamisi kwa utani.

Hamisi haambiwi jambo mara mbili. Alienda nyuma ya dume, akapiga kengele. Dume lile likaruka mpaka katikati ya kivuko, na abiria wote waliokuwa kivukoni wakarukia nchi kavu. Mwenye ng'ombe akabaki kwenye chuma peke yake na mnyama wake, anacheka machozi yakimtoka. Kuwarudisha watu kulichukua muda kuliko kulingoja dume, na tukavuka likituangalia sisi wawili tu, njia nzima, hadi Busisi.

Busisi hadi Sengerema, na vichaka vyake

Ng'ambo ya maji nilianza kutii maneno ya mama. Sasa nilikuwa upande wa wakwe, na kila mwanamke mtu mzima angeweza kuwa ndiye.

Wa kwanza alitokea na kuni kichwani. Nikaruka kutoka kwenye baiskeli, nikaingia kwenye kichaka, nikampa mgongo. Alipita akimsalimia Hamisi. Wa pili alikuwa na mtungi. Kichakani tena. Wa tatu alikuwa na wenzake wanatoka sokoni, kundi zima, na kichaka kilichokuwa karibu kilikuwa cha miiba. Niliingia. Nikawasikia wamesimama.

"Huyo mwenzako ana nini?" mmoja akamuuliza Hamisi.

"Tumbo, mama," akasema Hamisi kwa huzuni.

"Masikini. Mwambie achemshe majani ya mpera."

Habari ikatutangulia. Jinsi habari inavyokimbia kuliko baiskeli sijui, lakini kabla ya Sengerema wanawake walinisimamisha wenyewe, wamebeba majani ya mpera, na mimi nikawa napokea zawadi hizo nikiwa nimewapa mgongo na mkono mmoja umenyooshwa nyuma. Hamisi alicheka mpaka akaanguka na baiskeli yake. Koti langu la harusi lilipoteza kifungo na sehemu ya kola, nikalivua na kulikunja.

Tulilala kwa rafiki wa baba yake Hamisi, muuza nguo wa Sengerema. Mkewe alikuwa ameshachemsha majani. Nikayanywa, ningesemaje.

Msituni kwa mshika nzi

Baada ya hapo vilima vinaanza kweli. Unapanda ukisukuma baiskeli, miti imeungana juu, kuna harufu ya majani mabichi na asali, halafu unafika kileleni na kuliona bonde zima chini yako limejaa ukungu, na kilima kingine, na kingine. Nilijikuta naimba. Mzee mmoja mrina asali aliyekuwa ameketi kando na mzinga wake alituangalia tukiteremka huku miguu yetu iko hewani.

"Mnakimbilia wapi, vijana?" akauliza. "Balabala haikimbii."

Tukasimama kwa aibu. Akatupa masega, tukala na nta yake, nyuki wawili watatu wakatukumbusha mali ni ya nani.

Mbele kidogo ndipo palipokuwa na kizuizi. Mti umelazwa barabarani, kibanda cheusi kisicho na dirisha, na mlinzi mmoja amevaa kaptula iliyopigwa pasi, ameshika wavu wenye mpini mrefu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mbung'o, wale nzi waletao malale, hawatoki msituni kwa kupanda migongo ya wasafiri. Mimi nilishasikia habari zake. Hamisi hakusikia.

"Simama! Shuka! Ingia ndani!" akasema mlinzi, akionyesha kibanda.

Hamisi akabadilika rangi. "Ndugu, kosa letu nini? Kama ni ile hotuba, mimi nilikuwa natania tu."

"Hotuba gani? Ingia na baiskeli."

Tukaingizwa kwenye giza, mlango ukafungwa. Hamisi akaanza kuniusia: nani apewe spana zake, nani aambiwe kwamba alikufa akiwa mwema. Nilikuwa na nafasi ya kumweleza, lakini mtu aliyenywa majani ya mpera ana kisasi chake. Nikanyamaza. Mlango ukafunguka upenyo mdogo, nzi wakafuata mwanga, mlinzi akawazoa kwa wavu. Halafu akaja na ufagio akatufagia migongo, akafagia viti vya baiskeli, akamfagia na kuku.

"Nendeni," akasema. "Nyinyi ni safi."

Hamisi hakusema neno mpaka kilima cha pili. Kwake yeye hilo ni jambo la kuandikwa, na nimeliandika.

Bondeni

Mvua ilitukuta tukiteremka kwenye bonde la mwisho. Mvua ya kule haiulizi. Mto, ambao kila mtu alituambia unavukwa bila kukunja suruali, ulikuwa umefika magotini na bado unapanda. Hamisi alibeba baiskeli yake begani akavuka. Mimi nilifuata, nikateleza kwenye ukingo wa pili, nikaingia kwenye tope kwa kichwa. Nilipoinuka sikuwa na uso. Nilikuwa na macho mawili na tope.

Ndipo nilipomwona mwanamke. Alikuwa ameketi ukingoni, kando yake gunia dogo, na juu ya kichwa amejifunika ungo wa kupepetea mpaka kidevuni, kujikinga na mvua. Miguu ilikuwa imenyooshwa, na mmoja umeanza kuvimba kwenye kifundo.

Nikatazama kichaka. Kilikuwa cha miiba. Nikautazama mto unavyopanda. Kabula aliwahi kuniambia mama yake havuki mto ule tangu walipohamia huko, anauogopa. Kwa hiyo huyu hakuwa yeye. Haki ya Mungu, hayo ndiyo mawazo yangu yote.

"Mayu, mama yangu, umeumia?" nikauliza.

"Nimeteleza," sauti ikasema chini ya ungo. "Nimebeba mbegu. Zikilowa zitaota humu humu guniani. Nyumbani wananingoja, na mimi siwezi kukanyaga."

Hamisi akalichukua gunia, akalifunga kwa mpira juu ya keria yake, akalifunika kwa koti langu la harusi bila kuniuliza, akatangulia. Mimi nikamsogezea mama baiskeli, nikageuka mbele kushika usukani, akapanda keria. Nilikanyaga. Barabara ilikuwa tope, kilima kilikuwa kirefu, na mama yule, kwa heshima zote, hakuwa mwepesi.

"Mnakwenda kwa nani?" akauliza nyuma yangu.

"Kwa Mzee Lugata."

"Kufanya nini?"

"Kuonekana, mayu. Namwoa binti yake, Mungu akipenda."

Baiskeli ikayumba. Nikadhani mguu umemzidi. "Nisimame?" nikauliza.

Mvua ilikuwa inaupiga ule ungo kwa kishindo, na sikusikia kitu kingine kwa muda mrefu.

"Usisimame," akasema. "Endesha."

Nikaendesha. Sasa, mtu usiyemwona, anayekuuliza kwa upole ukiwa umechoka na umejaa tope, unamwambia kila kitu. Aliniuliza Kirumba wanateka wapi maji, nikamwambia. Aliniuliza kama kazi ya sindano inashibisha, nikamwambia kuna siku inashibisha na kuna siku tunakula maongezi ya Hamisi. Akacheka. Akauliza, "Huyo binti unampendea nini hasa? Wako wengi huko mjini."

"Ananicheka," nikasema. "Wengine hunicheka, kisha huondoka. Yeye hunicheka, kisha hubaki."

Nikamsikia akiuweka ungo sawa.

"Na wakwe?"

"Baba yake sina wasiwasi naye. Namwogopa mama. Kabula anasema mama yake akipaza sauti, nyani wanaacha mahindi wenyewe bila kurushiwa jiwe."

"Alisema hivyo?"

"Alisema kwa kujivunia, mayu."

Nikahisi keria inatikisika kwa muda, nikafikiri ni mawe ya njiani.

Kilima kilipoisha akaniambia nisimame kwenye kichuguu kikubwa, kwao ni karibu, kuna njia ya uani. Hamisi, aliyeelekezwa na mama tangu mtoni, alikuwa ameshaliweka gunia hapo na kuendelea mbele kutafuta maji ya kuoga. "Usigeuke," mama akasema, "nguo zimenishika mwili." Sikugeuka. Nilisikia akijikokota na gunia lake, akishika mti huu na ule, na kabla hajapotea akanishukuru, "Wabeja." Nami nikamjibu, nikaenda kunawa, nikijiona mtu mwema sana.

Ukweni

Tulifika jioni haijaingia, tumeoga, koti nimelivaa na harufu yake ya karanga. Kabula alituletea maji ya kunawa, akapiga magoti, akanitazama kola iliyochanika, na ilibidi aondoke haraka kabla kicheko hakijamponyoka. Niliona mabega yake yakicheka mpaka jikoni. Miguu yangu ilikuwa imekufa, lakini ningeweza kupanda baiskeli na kurudi Kirumba na kuja tena.

Tuliketi na Mzee Lugata na mdogo wake, ambaye nitamwita Baba Mdogo, mtu wa mila, aliyekaa wima hata alipokula. Uliletwa ugali wa mtama, nsansa, ile mboga ya majani ya kunde makavu, iliyotiwa karanga, na maziwa. Hamisi alisema yote ya kusemwa, na alisema vizuri, nakiri. Mimi nilitazama chini kama ipasavyo. Mama wa nyumba alikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, kama ipasavyo pia.

"Mmefika kwa wakati," akasema Mzee Lugata. Alikuwa na uso mpana wenye amani. "Kesho tunapanda. Tungekuwa tumepanda, ila mchwa walikula mbegu za karanga. Mama yenu ikabidi auvuke ule mto anaouogopa, aende kwa kaka yake kuomba nyingine. Karudi leo hii na mguu umevimba. Anasema kaletwa na mpita njia mwenye bai..."

Akaishia hapo. Macho yake yakapita mlangoni mpaka kwenye ghala, ambapo baiskeli zetu mbili zilikuwa zimeegemea, zimejaa tope la bonde. Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Lilibaki hapo hapo.

"Kwetu huku baiskeli hazipiti," akasema Baba Mdogo polepole. "Ni nani kati yenu aliyembeba?"

"Mimi!" akasema Hamisi, bila hata kupumua. "Mimi, wazee wangu. Mwenzangu alikuwa mbele na gunia."

Rafiki wa kweli ndiye huyo. Wazee wakaanza kutulia, na mimi nilikuwa nimeokoka. Ilitosha nile tonge langu. Lakini nyuma ya ukuta alikuwepo mtu mmoja aliyejua, na ningeoa binti yake, na neno langu la kwanza ukweni lingekuwa uongo uliosemwa na mtu mwingine. Nikaweka tonge chini.

"Si yeye, baba," nikasema. "Ni mimi niliyembeba. Sikujua ni nani."

Hamisi akafumba macho. Jikoni kikombe kilianguka.

Baba Mdogo akasimama. "Basi hapa hakuna ndoa. Mkwe na mkwe wamekaa juu ya chuma kimoja, tena wameongea! Kaka, yule mwenye ng'ombe bado anangoja. Hawa wapewe mahali pa kulala, asubuhi waende."

Mzee Lugata alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Nilijua nimemkosa Kabula. Nilitamani hata kile kibanda cheusi cha mbung'o, niingie mlango ufungwe.

"Wewe mwenye maneno mengi," ikasema sauti nyuma ya ukuta.

Ilikuwa ndiyo ile sauti. Hamisi akajitazama, akaona ni yeye. "Naam, mama."

"Mimi siongei na mkwe. Naongea na wewe, uwaambie wazee. Mila inasema mkwe asinitazame usoni. Hakunitazama, nilikuwa chini ya ungo. Inasema nami nisimtazame usoni. Sikumtazama, hakuwa na uso, alikuwa na tope. Alinipa mgongo tangu mtoni mpaka kwenye kichuguu. Mgongo ndio tunaotakiwa kupeana. Kama kuna mila inayokataza mgongo, Baba Mdogo aiseme sasa, nijifunze."

Hamisi akaanza kurudia neno kwa neno, ingawa sote tulikuwa tumesikia. Baba Mdogo akainua mkono kumnyamazisha. Alifikiri kwa haki kabisa, mtu yule, nampenda kwa hilo. Alitafuta kwenye kumbukumbu zake zote.

"Ya mgongo sijawahi kuisikia," akasema mwisho. "Lakini waliongea."

"Niliiuliza njia," ikasema sauti. "Kama mgongo ulijibu, mgongo una adabu."

Mzee Lugata akaweka kiganja mdomoni, na nikaona anacheka. "Na huo mgongo," akauliza, "ulisemaje?"

Nyuma ya ukuta kigoda kikasogezwa karibu.

"Ulisema mtoto wetu anaucheka, kisha anabaki," akasema. "Mpeni."

Nililia, ndiyo. Katika hilo Hamisi hajazidisha. Baba Mdogo akaketi, akalisogeza bakuli la nsansa upande wangu, akaniambia ugali ukipoa haufai. Jikoni mtu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nilimjua ni nani.

Mpaka zahanati

Tulikaa tukawasaidia kupanda. Harusi ikapangwa baada ya mavuno. Siku ya kuondoka mguu wa mama mkwe ulikuwa haujapungua, na zahanati iko ng'ambo ya kilima, kwenye njia yetu ya kurudi. Tulikuwa tunajaza upepo Kabula alipokuja amejibana asicheke.

"Mama anauliza kama ule mgongo upo," akasema.

Nikashika usukani, nikatazama mbele. Nyuma yangu keria ikashuka. Sikugeuka, na Hamisi, ambaye angeweza kutazama, alitangulia kwa heshima ambayo sijamwona nayo kabla wala baadaye.

Tukaanza kukipanda kilima. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, bonde lote limejaa watu wanaopanda, wameinama mistari kwa mistari, na jua linapiga kwenye majembe. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ningeweza kupaa. Kisha akaanza kusema, si na mkwe bali na njia.

"Njia, sikiliza. Kabula si mtoto wangu wa kwanza. Ni wa tatu. Wawili niliwazika kule tulikotoka, kabla hatujahamia huku. Yeye hajui jinsi nilivyokuwa naamka usiku kumsikiliza kama anapumua, mpaka alipokuwa msichana mkubwa. Sasa anakwenda mbali, ng'ambo ya ziwa, ambako nikiamka sitasikia kitu."

Nilitaka kugeuka nimtazame, mtu mmoja tu duniani nisiyeruhusiwa kumtazama.

"Kwa hiyo nauliza," akasema. "Atarudi nimwone?"

"Nitamleta, mayu. Kila msimu wa kupanda."

"Sisikii. Upepo."

"Nitamleta kila msimu wa kupanda!"

"Njia inasemaje?"

Basi nikajaza kifua, nikapaza sauti kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo: "NITAMLETA!" Ikapiga kilima, ikarudi. Kule bondeni watu wakanyoosha migongo kutazama, na mwanamke mmoja, bila kujua ni habari gani, akapiga kigelegele. Cha pili nilikisikia nyuma yangu, karibu kabisa na sikio.